Tairi kipara halipigi kelele

Mwaka juzi, mwezi wa nne, nilimtumia baba picha ya matairi manne niliyoyapanga gereji kwangu, hapa Columbus, Ohio. Nilijua atapenda. Mzee amefanya ufundi wa magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo ukimtumia picha ya mjukuu wake amekaa garini, kwanza atakuuliza gari ni la mwaka gani. Hakujibu kwa maandishi. Alipiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hayo matairi umeuziwa au umeokota?"

"Nimenunua baba. Ni ya mashindano."

"Mbona vipara?"

"Ndivyo yanavyotengenezwa. Yanatoka kiwandani hivyo hivyo."

Kimya kidogo. Nyuma yake mtu alikuwa anagonga rimu kwa nyundo. Halafu mzee akasema kwa sauti ile ya kumweleza mteja kwamba injini ndiyo basi tena: "Mwanangu, hapa trafiki angekusimamisha hata Kamata hujafika. Huko wanakuuzia."

Nimeikumbuka simu ile wiki hii kwa sababu klabu yetu ya mbio za magari imetuandikia wanachama kuuliza: je, tairi za sliki, yaani vipara vya mashindano, ziruhusiwe kwenye daraja letu la chini? Hilo ndilo daraja la watu wenye kazi zao za Jumatatu mpaka Ijumaa, wanaokuja uwanjani na gari lile lile wanaloendea sokoni, au gari kuukuu waliloliondoa viti na zulia wakalifunga vyuma vya kuzuia paa lisibonyee. Hakuna anayelipwa. Zawadi ni kikombe cha plastiki na picha ya pamoja.

Nimejibu hapana. Na kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliovinunua, na nilivipenda kweli kweli, naona niseme kwa nini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika tairi hizi: meno na mifereji ya tairi la kawaida kazi yake kubwa ni kutoa maji chini ya gurudumu. Siku ya jua, juu ya lami kavu, mifereji ile ni hasara tupu. Kila penye mfereji hapana mpira unaogusa barabara, na vile vipande vya meno vyenyewe hupindapinda gari linapobanwa kwenye kona, vikapata joto na kumeguka. Ukiondoa mifereji yote, mpira wote unalala chini. Tena mpira wenyewe ni laini kuliko wa barabarani, umetengenezwa ushike vizuri ukishapata moto wa nyuzi kama 80 hadi 100 za sentigredi. Waliotangulia kuvitumia ni Wamarekani wa mbio za kunyoosha, zile zisizo na kona, miaka ya 1950. Kwenye Formula 1 vilionekana mwaka 1971, kampuni ya Firestone ilipovileta Montjuïc, Hispania.

Ukirudi maegeshoni baada ya mizunguko kumi, weka kiganja juu ya tairi. Mpira unanata kama ubani uliotafunwa. Vijiwe vyote vidogo vilivyokuwa kando ya njia umevibeba, pamoja na makombo ya mpira wa wenzako, na harufu yake inabaki kwenye vidole mpaka chakula cha jioni. Mke wangu ameshazoea. Zamani alikuwa anauliza nani amechoma kandambili.

Siku yangu ya kwanza kwenye vipara ilikuwa Mid-Ohio, uwanja ulioko Lexington, mwendo wa saa moja na kitu kutoka nyumbani. Gari langu ni Mazda Miata, kadogo, hakana nguvu za kutisha. Kwa matairi ya barabarani nilikuwa nimekwama kwenye dakika moja na sekunde 52. Mchana ule, mzunguko wa nne, saa ilisoma 1:47. Sekunde tano! Kwenye mchezo huu watu huuza pikipiki wapate sekunde moja. Nilirudi maegeshoni nikiwa najiona Lewis Hamilton, na ndugu yangu mmoja wa Bukavu ninayeshirikiana naye gari hili (yeye tairi huita "pneu" na kipara hana neno nalo) alinikumbatia kofia ngumu ikiwa bado kichwani.

Sikujua kwamba zile sekunde tano hazikuwa zangu. Zilikuwa za tairi. Niliporudisha matairi ya kawaida wiki tatu baadaye nilikuta niko pale pale kwenye 52, tena na tabia mpya mbaya. Nilikuwa nimezoea kuingia kona ovyo na tairi kunisamehe.

Sasa hili la kelele.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mzee mstaafu, mpole, mwenye kofia ya majani iliyotoboka. Siku ya kwanza alikaa kiti cha abiria na hakunifundisha breki wala gia. Aliniambia nifungue kioo nisikilize. Tairi la barabarani lina sauti. Ukianza kulibana linavuma. Ukizidisha linaanza kuimba, sauti nyembamba inayopanda. Ukifika mwisho wake linalia, na ukipita hapo linapiga ukelele huku gari likiserereka taratibu, taratibu kiasi kwamba hata mgeni ana muda wa kushtuka, kufikiri, na kufanya jambo la maana. Mzee yule alinifanya nizunguke asubuhi nzima nikitaja kwa mdomo: linavuma, linaimba, linalia. Nilijiona mjinga. Mpaka leo sijapewa somo bora zaidi ya hilo.

Kipara hakilii. Kinashika, kinashika, kinashika, halafu kinaachia. Kuna dalili, sikatai. Stelingi inakuwa nyepesi kidogo mkononi, makalio yanahisi kiti kikihama. Dereva mzoefu anazisoma kama fundi anavyosoma injini kwa kusikia. Lakini mgeni haoni kitu. Kwake yeye gari lilikuwa zuri, kisha likawa linatazama lilikotoka.

Na hapo nasema kipara kilichopata moto. Kikiwa baridi ni balaa. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, lami ikiwa bado na ubaridi wa usiku, nilitoka nikakanyaga mafuta kwenye kona ya pili kana kwamba ni saa nane mchana. Kona hiyo pale Mid-Ohio huitwa Keyhole, ni ndefu, inapinda kulia weee mpaka unahisi umesahau kunyoosha. Sikufika katikati yake. Gari liligeuka kama mlango, nikaingia kwenye majani kinyumenyume, nikasimama na injini imezimika na umande umetapakaa kwenye kioo. Hakuna kilichovunjika. Nilikaa pale nikisubiri gari la kuvuta, na kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba sikusikia chochote. Hata kidogo.

Wanaotetea vipara wana hoja zao, na si za kipuuzi. Ya kwanza ni kwamba tairi linaloshika zaidi ni salama zaidi, maana linasimamisha gari mapema. Hiyo ni kweli kwa barabara ya kwenda kazini, ambako mwendo wako haubadiliki kwa sababu umenunua tairi zuri. Uwanjani hakuna anayeweka mshiko akiba. Kila tone unalopewa unalitumia kwenda kasi zaidi, ndiyo maana umekuja.

Piga hesabu. Kona ambayo kutoka kitovu chake mpaka njia ni mita 50: tairi zuri la barabarani likishika kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa gari, utaipita kwa takriban kilomita 80 kwa saa. Kipara chenye moto kikishika mara 1.4 ya uzito huo, utaipita kwa kama 94. Kilomita 14 tu za nyongeza, mtu anaweza kusema ni nini hiyo. Lakini nguvu ambayo gari linabeba hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukitoka njiani kwa 94 umebeba asilimia 40 zaidi ya yule aliyetoka kwa 80. Na ukuta wa matairi ulioko kando ya kona haujasogezwa nyuma kwa sababu sisi tumebadilisha sheria.

Gari nalo linabeba mzigo ule. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu limenigharimu fedha, na mtoto wa fundi anajua uchungu wa spea. Miata ilitengenezwa iende ufukweni Jumapili. Ukiifunga tairi inayobana kona kwa nguvu ambayo wahandisi wake hawakuipangia, nguvu ile haipotei hewani. Inapita kwenye rimu, inaingia kwenye habu, kwenye beringi, kwenye mikono ya chuma inayoshika gurudumu, mpaka kwenye bodi. Baada ya msimu mmoja wa vipara nilianza kusikia mngurumo mdogo mbele, upande wa kushoto, gari likipinda kulia. Nikapiga jeki, nikashika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Likacheza: kidogo tu, kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Nilipofungua, grisi ilikuwa imegeuka nyeusi na beringi ina alama za kuungua. Wenye Miata wote wanaokimbia wanaujua ugonjwa huu, na dawa yake ni habu za mashindano ambazo bei yake ningeweza kununulia seti ya matairi na chenji ikabaki.

Wenye BMW za zamani, E36 na E46, wao hukuta nyufa kwenye bati pale fremu ya nyuma inaposhikwa na bodi. Magari mengine oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kona inapokuwa ndefu, pampu inavuta hewa, na injini inanoki huku dereva akifurahia mshiko wake. Kwa hiyo mwenye vipara kesho atahitaji sampu yenye vizuizi, keshokutwa habu, mtondo breki kubwa. Na jirani yake ambaye hakutaka chochote kati ya hivyo itabidi afuate, au akubali kuwa wa mwisho mpaka achoke na aache mchezo. Nimeona wawili wameacha. Mmoja alikuwa dereva bora kuliko mimi.

Hoja ya pili ndiyo iliyonivuta mimi, ile ya bei. Timu za kulipwa huvaa seti mpya, hukimbia nayo muda mfupi, huivua. Nyuma ya malori yao siku ya mwisho kunakuwa na milima ya matairi ambayo kwa macho ni mapya. Hata vile vitundu vidogo vya kupimia unene wa mpira bado ni virefu. Nilinunua seti yangu kwa dola 300, chini ya nusu ya bei ya matairi mapya ya barabarani yanayofaa mchezo huu. Ndiyo, nilinunua mtumba. Mtu anavuka bahari akidhani ameachana na mitumba, anajikuta anainama nyuma ya lori Marekani, anabonyeza mpira kwa ukucha.

Na mtumba ni mtumba. Shati la soko la Karume lina kola safi na vifungo vyote, ukilivaa ndipo unagundua kwapa. Mpira wa kipara kila ukipata moto na kupoa hukakamaa. Unene unabaki, mshiko unaondoka. Seti yangu ilinipa siku nne nzuri. Ya tano na ya sita zilikuwa za kubahatisha, na ya saba ndiyo ile ya Keyhole, kwa hiyo hata lawama yote sitaiwekea asubuhi ya baridi. Dola 300 kwa siku nne nzuri. Matairi ya barabarani niliyonayo sasa yana msimu wa pili. Atakayeniambia vipara ni nafuu aje na daftari lake.

Mpaka hapo ningekuwa nimemaliza, ila sheria tuliyonayo sasa nayo inanichekesha, na sitaki kuonekana naitetea yote. Sheria yetu, kama ya mashindano mengi ya ngazi hii Marekani, inasema tairi lazima liwe limeandikwa ubavuni namba ya uimara isiyopungua 200. SCCA, chama kikubwa cha mchezo huu nchini humu, hutumia namba hiyo hiyo kwa magari ya daraja la barabarani. Namba yenyewe ni ya serikali. Matairi hufungwa kwenye magari yanayozunguka njia ya kilomita kama 640 huko San Angelo, Texas, mpaka yatimize kilomita takriban 11,600, kisha uchakavu wake unalinganishwa na tairi la mfano lenye 100. Mia mbili maana yake limedumu mara mbili.

Maelezo mazuri. Tatizo ni kwamba anayeandika namba ubavuni ni mwenye kiwanda. Sheria ilipotoka, wenye viwanda waliisoma vizuri kuliko sisi. Leo kuna matairi yenye 200 ubavuni ambayo mpira wake ni laini, mifereji yake michache, na yanaisha haraka kuliko sabuni ya kufulia. Yokohama A052 ni mojawapo, na ninayo hamu nayo, nakiri. Uliye na mfuko unanunua 200 ya kasi, na usiye nao unanunua 200 ya kudumu, na kwenye karatasi mko sawa. Tumezuia kipara mlangoni, tukakiacha kiingie dirishani kimevaa kofia.

Mtu akinipa nafasi ya kuandika sheria, ningeondoa namba yote. Ningetaja tairi moja kwa jina, la bei ya kawaida, gumu kiasi, lenye meno, na kila mtu alifunge hilo. Watoto wa magari ya go-kart wamefanya hivyo miaka na miaka. Na hapa wenzangu wanaopinga vipara kwa jazba hunyamaza kidogo, kwa sababu go-kart nyingi hukimbia kwa vipara, na waendeshaji wengine hawajatimiza miaka kumi. Kwa hiyo ukosefu wa meno peke yake si shetani. Mara nyingi wote hupewa tairi moja, na kigari kizima kilichorwa tangu mwanzo kwa ajili ya tairi la namna ile. Hakina bodi ya ufukweni ya kupasuka.

Kuna wanaosema pia kwamba hata Formula 1 iliwahi kuvikataa, kwa hiyo sisi ni nani. Ni kweli, kuanzia 1998 mpaka 2008 matairi yao yalilazimishwa kuwa na mifereji ili mwendo wa kwenye kona upungue, na 2009 vipara vikarudi. Lakini wale wanafanya mambo yao kwa mabawa yanayokandamiza gari chini na kwa fedha, mfano wao unatusaidia kidogo mno.

Mvua sitaizungumzia sana. Mwenye kipara mvua ikinyesha ananyamaza chini ya turubai na kuangalia wenzake. Nimekaa pale, na kahawa ilikuwa mbaya.

Waliotaka vipara wapewe daraja lao, juu, wenye magari yaliyojengwa kwa kazi hiyo. Wengi wao ni rafiki zangu na ni madereva hasa. Mimi nazungumzia mlango wa kuingilia.

Mwaka jana nilianza kukaa kiti cha abiria, kwa zamu, siku za wageni. Mwezi wa sita walinipa kijana mmoja mwenye adabu sana, BMW nyeupe, na kwenye tela lake seti ya vipara vya mtumba alivyoshauriwa na mtandao. Siku za wageni hatukatazi, maana si mashindano. Alivifunga. Mizunguko mitatu tulikwenda vizuri, akaanza kujiamini, mimi nikaanza kutafuta sauti na sikuipata. Nilimwambia apunguze. Alipunguza, lakini katikati ya kona, kwa kuachia mafuta ghafla, na nyuma ikaondoka bila kuaga. Tulizunguka mara moja na nusu. Alipotulia aliniuliza swali la kweli kabisa: "Ningejuaje?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale. Nilimwomba mchana arudishe matairi aliyokuja nayo kutoka nyumbani, yale ya kwendea kazini. Alinuna kidogo, kama mtu aliyevuliwa suti akapewa kanzu ya jana, lakini alipiga jeki mwenyewe na kukaza nati mwenyewe. Tukatoka. Nikafungua kioo changu, nikamwomba afungue chake. Tulipoingia Keyhole gurudumu la mbele kushoto likaanza, kwanza chini chini, kisha likapanda, jembamba, refu. Kijana akashtuka, akanitupia jicho.

"Hiyo ni nini?"